Mahari ya Elementaita

Wengi wenu mmekuja dukani mkajifanya mnapimia watoto sare za shule, kumbe mnataka kuniuliza safari ya gari moshi ilikuwaje. Wote nimewapa jibu moja, kwamba tulichelewa lakini tulifika. Jibu hilo ni la kweli na ni la mtu mwoga. Sasa shule zimefungwa, hakuna wa kushonewa kaptura, na Papa amelala chumba cha pili. Nimeona niandike yote mara moja ili nisiulizwe tena na mmoja mmoja. Mambo ya tiketi na barua za daktari nayaruka. Hayo hayakumuumiza mtu.

Kitale hadi Kamukuywa

Safari yenyewe ilianza na neno moja, nalo lilisemwa hapa Kitale, nje ya chumba cha daktari wa macho. Daktari alikuwa ametueleza kwamba presha ya macho ya Papa imepanda, kwamba jicho la kushoto limekwisha na la kulia linafuata, na kwamba yuko mtaalamu Nairobi anayeweza kujaribu. Alilirudia neno hilo la kujaribu mara mbili. Papa, mzee wa miaka themanini na kitu, alimsikiliza kofia ikiwa magotini. Tulipotoka nje alinishika mkono.

"Nitaenda," akasema. "Lakini na gari ya leli. Iko mahari yangu kule juu ya Elementaita, sijawai maliza na hiyo. Nataka nione kabla macho haijafunga."

Hapa lazima niwaeleze lugha ya nyumbani kwetu. Papa ni Mbukusu wa Kamukuywa. Marehemu mama alikuwa Mtaita wa Voi, mwalimu. Kwa hiyo sisi tulilelewa kwa Kiswahili, cha mama kimenyooka na cha Papa kina l na r zilizobadilishana viti. Mama alimtania maisha yake yote. Papa akisema anaenda kurara, mama humjibu, "Ni kulala, Baba Nekesa. Ukirara, utarara peke yako." Haya niliyasikia tangu sijaota meno. Mtoto yeyote wa nyumba ile akimsikia Papa anasema mahari, alipaswa kujiuliza kwanza kama si mahali. Angesema "pangu" ningeng'amua, lakini kwa Papa kila kitu ni "yangu", na mimi nikasikia mahari kamili, ng'ombe wa kuolea, mwanamke wa watu ambaye mambo yake hayajakwisha.

Nilikuwa na sababu ya kusikia hivyo. Kwenye matanga ya mama, miaka sita iliyopita, nilimkuta senge wangu jikoni, yaani shangazi yangu anayekaa Kanduyi, akiwanong'oneza wanawake wenzake kwamba kaka yake alipotezwa na "mwanamke wa leli". Ujanani Papa alikuwa mhudumu wa behewa la chakula, kwenye gari moshi la Nairobi na Bungoma siku zile lilipobeba watu. Mama alituambia wao walikutana kanisani Bungoma. Basi nikapiga hesabu zangu mwenyewe. Kama mama ni wa kanisani, huyo wa reli ni mwingine. Sikumuuliza senge, sikumuuliza Papa. Nilikaa na jambo hilo tumboni miaka sita likachacha.

Siku ya kuondoka nilimfuata Papa Kamukuywa kwa gari la jirani yangu. Nilimkuta ameshajitayarisha tangu alfajiri, amekaa nje ya mlango, shati jeupe, koti, na tai ya buluu iliyobanwa shingoni vizuri kuliko za wabunge. Nikamuuliza tai ya nini kwenda hospitali. Akasema si ya hospitali. Nilifunga mkanda wa gari kwa kishindo, na hadi Misikhu sikumsemesha.

Kamukuywa hadi Kanduyi

Senge alikataa katakata tupite Kanduyi bila kula. Alichinja jogoo, akasonga ugali wa wimbi, akaweka firigisi kwenye sahani ya kaka yake kama inavyotakiwa. Papa aliitafuta kwa vidole. Alishika shingo, akaiacha, akashika bawa, akaliacha, na sisi sote tukajifanya tunatazama kuku wa nje. Hatimaye senge aliisogeza firigisi hadi kwenye kidole chake bila kusema neno.

Chai ilipokuja, Papa alimwomba amjazie nusu kikombe. Senge akacheka, akasema mtu mzee hivi bado anakunywa nusu nusu. Hata mimi nilitabasamu, kwa sababu hivyo ndivyo mama alivyokuwa akimmiminia. Nusu kikombe, anakunywa, halafu mama anainuka na kumletea nusu nyingine, hata kama birika lilikuwa mbele yao wote. Sisi watoto tulidhani ni ubahili wa mwalimu. Tulikuwa tukimwigiza.

Senge alinisindikiza hadi garini. Alishika dirisha akaniinamia. Nitayaandika maneno yake jinsi alivyoyasema, kwa maana nimeyarudia kichwani mara nyingi.

"Nekesa, yule mwanamke wa leli nilimsema vibaya sana, Mungu anisamehe. Papa yako alimpenda kuliko kitu yote. Mkifika huko, umwache aone mahari yake."

Mnaona? Alikuwa anatubu mbele yangu, anamwomba msamaha marehemu mama kupitia kwangu. Mimi nilichosikia ni kwamba Papa alimpenda mwanamke mwingine kuliko mama yangu. Nilimwambia jirani aondoe gari.

Kanduyi hadi Kisumu

Papa aliomba tupitie kwanza stesheni ya Bungoma. Nilimkumbusha kwamba siku hizi reli ile hupitisha mizigo tu, abiria wanapandia Kisumu. Akasema anajua, anataka kusalimia. Alisimama kwenye ukingo wa jukwaa, fimbo mkononi, majani yakiwa yamemfikia magotini. Mlinzi mmoja alikuja kutuuliza tunatafuta nini. Papa akamjibu kwamba anangojea gari ya saa tisa. Mlinzi akaanza kumweleza taratibu kuwa mzee, gari hiyo haiko, akidhani amepotewa na akili, na Papa akamwacha aeleze hadi mwisho kisha akamwambia, "Najua, kijana. Ilinichelewesha ndio nikazeeka." Wakacheka wote wawili. Mimi sikucheka, na sasa naona hicho kicheko nilikuwa nakihitaji.

Njia ya Kisumu haikuwa na neno, ila kwamba kila nilipotaka kuuliza "ni nani huyo mwanamke?" niliangalia ile tai nikaghairi.

Kisumu hadi Londiani

Tuliondoka jua likizama. Papa alichagua kiti cha dirishani mkono wa kulia, akitazama mbele, nami nikakaa ubavuni pake. Mbele yetu alikaa Mama Chebet wa Kachibora, mkulima wa viazi na mahindi, aliyekuwa ametoka kwenye mkutano wa akina mama wa kanisa lao na sasa anakwenda Nairobi kumwona binti yake aliyejifungua. Alipakata kibuyu cha mursik, yale maziwa yao ya kugandishwa, kilichofungwa kwa shuka kama mtoto mwenyewe. Alimwona Papa na tai yake akadhani ni mchungaji, akamwomba atuombee safari. Papa hakukataa. Aliombea injini, aliombea mataruma, aliwaombea wapishi wa behewa la chakula wasiungue, na abiria wa viti vya jirani wakaitikia amina.

Baadaye alipita mama mmoja mhudumu na birika, akimwaga chai zaidi ya aliyomimina, kwa kuwa gari lilikuwa likipanda kona za Muhoroni. Papa hakuweza kuvumilia. Alimwambia atanue miguu, aiegemeze nyonga kwenye kiti, ajaze nusu, na kona zikiisha arudi na nusu nyingine. Yule mama alijaribu, na kweli halikumwagika hata tone. Akamwita Papa mwalimu. Papa alifurahi hadi akavua kofia.

Alinieleza mpango wake akiwa na furaha hiyo hiyo. Kumbe tarehe hii aliichagua kwa kuhesabu mwezi. Gari hupita juu ya ziwa Elementaita usiku wa manane, na alitaka kupita mwezi ukiwa mpevu, kwa sababu jicho lake moja lingeona kitu cheupe hata usiku. Maji ya lile ziwa ni meupe kandokando kwa magadi. Alikuwa amefikiria hayo yote peke yake kule Kamukuywa, kwenye giza linaloanza. Lakini tulipokuwa tukipanda milima, mawingu yalikuja na mvua ikaanza kupiga bati. Papa aliweka kiganja kwenye kioo. "Mwezi imeingia ndani," akasema. Mimi, Mungu anisamehe, nilifurahi kidogo.

Londiani, tulipokwama

Mti mkubwa ulikuwa umeangushwa na mvua juu ya reli mbele yetu. Tulisimama mahali penye baridi ya kukata masikio, na tulisimama hadi asubuhi. Watu walinung'unika, watoto walilia, mursik ya Mama Chebet ilifunguliwa tukanywa, binti yake atanisamehe. Papa peke yake ndiye aliyekuwa na amani. Alinigusa goti akasema kila dakika tunayochelewa, tunaenda kukutana na jua. Hakulala hata kidogo. Alikuwa akihesabu saa.

Kulipokuwa kweupe kidogo niliteremka kutafuta mtandao wa simu. Wanawake wa vijiji vya karibu walikuwa wameshakuja na viazi vya kuchemsha, mahindi ya kuchoma na chai kwenye chupa, na wanaume wa reli walikuwa wakikata mti kwa misumeno. Nilimpigia ndugu yangu Wafula, anayefanya kazi Nairobi. Nilimwambia Papa anakwenda kutazama kwa mwanamke wake wa zamani, amevaa tai, na mimi amenifanya shahidi. Wafula aliniambia niwache mzee, bana, ati mtu wa miaka hiyo hata akiona watu wake kuna ubaya gani. Nikamwambia ubaya ni mama. Tuligombana hadi simu ikazima.

Niliporudi ndani nilimkuta Papa na Mama Chebet wameinamiana wakizungumza chini chini. Mama Chebet alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kitambaa chake cha kichwa. Alinitazama akasema, "Huyu mzee wako ni mtu." Moyoni nikasema, kumbe amefikia kujisifia kwa wageni. Wakati ule mimi nikiwa nje nikimlalamikia Wafula kuhusu huyo mwanamke, ndani ya behewa mtu wa Kachibora alikuwa akiambiwa ni nani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko mengine. Sikuwa mbali. Nilikuwa hatua thelathini, nikinunua viazi.

Gari liling'oka kwenye ukungu mzito. Papa alikuwa amekesha, na mwili wa themanini hauna subira. Kabla ya kufumba macho alinishika mkono.

"Mayi," akasema. Huniita hivyo, yaani mama, kwa kuwa nina jina la mama yake. "Wacha nirare kidogo. Tukitoka Nakuru utaona maji nyeupe mkono ya kulia, halafu tangi ya zamani juu ya nguzo. Hapo ndio mahari. Niamshe. Usiwache nipite."

"Sawa, Papa," nikasema.

Nakuru hadi Gilgil

Nakuru tulifika ukungu umekwisha na jua limetoka kwa nguvu zote. Mama Chebet alikwenda behewa la chakula kutafuta maji ya moto. Gari likaondoka.

Nataka mjue kwamba sikusahau wala sikupitiwa na usingizi. Nimewahi kumwambia Wafula kwamba nilisinzia, na huo nao ni uongo. Nilikuwa macho kuliko wakati wowote. Niliona mashamba ya mkonge, nikaona migunga, kisha reli ikaanza kupanda na kupinda, na chini yetu mkono wa kulia yakatokea maji. Yalikuwa meupe kandokando kama alivyosema, na katikati yana rangi ya bati jipya, na mstari wa ndege wa waridi umetambaa ufukweni. Ulikuwa mwanga ambao mtu mwenye jicho moja bovu angeuona bila taabu. Usiku ule wote wa mwezi alioupanga ulikuwa umefutwa, akaletewa mchana mweupe badala yake.

Jua lilikuwa likiingia kwa madirisha ya ng'ambo, na gari lilipopinda likampiga usoni. Kope zake zikacheza. Alikuwa karibu kuamka mwenyewe. Mimi nilifungua leso yangu mabegani, nikaishika juu ya uso wake kumkinga jua. Nilimfikiria mama yangu kule kaburini, nikamfikiria mwanamke fulani aliyezeeka kwenye kibanda karibu na tangi, na nikasema moyoni kwamba hutamwona, si kwa macho haya, si mimi nikiwa hapa. Leso ilikuwa ikiteleza kwa mtikisiko, nikaishikilia kwa mikono miwili. Tangi nililiona mara moja tu, jeusi, lina kutu, juu ya nguzo za chuma. Kisha likapita nyuma yetu na vilima vikalifunika ziwa. Nikamwekea leso vizuri usoni, nikaegemea.

Mama Chebet alirudi na kikombe chake. Alimtazama Papa, akatazama nje, akatabasamu.

"Mzee ameona ile pahali yake?"

Alisema pahali. Wakalenjini hawana tatizo na herufi hiyo. Nikamuuliza pahali gani.

"Si ile alikutana na mama yenu. Pale treni iliharibika wakiwa wanaenda Bungoma, mama anaenda kuanza kazi ya ualimu. Wakakaa chini ya tangi siku mzima, kivuli ikisonga, na wao wanasonga nayo. Ati alimpelekea chai nusu kikombe, akamwambia treni inatingika, na treni ilikuwa imesimama tangu asubuhi!" Akacheka. "Ndio apate njia ya kurudi na nusu ingine. Jioni treni ikitoka, walikuwa wameshakubaliana. Anasema watu wa kwao hawakupenda, walimwita mwanamke wa reli, mpaka mama akaona aibu akawa anasema walikutana kanisani."

Nusu kikombe. Miaka arobaini mama alikuwa akiinuka na kurudi, na sisi tulimwigiza tukicheka. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wazee, na changu kilikuwa kimelala kwenye uso wa baba yangu, kina maua mekundu.

Papa aliamka. Aliitoa leso usoni mwenyewe, akaikunja mara mbili, akaniwekea magotini.

"Tumefika mahari?"

Safari hii nilisikia vizuri.

"Tumepita, Papa," nikasema. "Kulikuwa na ukungu. Hakuna kitu kilionekana. Nikaona nikuache upumzike."

Mama Chebet alifungua mdomo, akanitazama, akaufunga. Papa aligeuza uso dirishani.

"Basi hata ningeamka singeona," akasema.

Gilgil hadi Nairobi

Pale Gilgil Mama Chebet alinivuta hadi mlangoni. Aliniambia tushuke, tutafute hata bodaboda, si mbali, yeye atanishikia mizigo hadi Nairobi. Nikamwambia daktari anatungoja leo saa nane, na tumeshachelewa. Ilikuwa kweli. Lakini kweli kubwa zaidi ni kwamba nikishuka ningelazimika kumwambia Papa kwa nini tunarudi. Nikasema tutapitia tukirudi. Mama Chebet akasema sawa, kwa sauti ya mtu anayejua kwamba mgonjwa wa macho hana siku za kungoja. Hatukuzungumza tena hadi Nairobi, ila alipokuwa anashuka alimpa Papa mikono yake yote miwili na kumwambia karibu Kachibora.

Papa alipasuliwa jicho kesho yake asubuhi. Madaktari walifanya kazi yao na sina la kuwalaumu. Walikuwa wametuambia ni kujaribu.

Kurudi

Tulirudi kwa basi, jicho lake limefungwa bandeji. Barabara nayo hupita juu ya lile ziwa. Niliyaona yale maji tena, na watalii wamesimama wanapiga picha. Papa aliuliza hapa ni wapi. Nikasema tunakaribia Nakuru, na hilo pia lilikuwa kweli. Bandeji zilipotolewa, mwanga ulikuwa umebaki kidogo, wa kumwonyesha mlango uko wapi. Baada ya wiki kadhaa nao ukaondoka. Nikamleta kwangu hapa Kitale.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, nilimtoa nje aote jua la asubuhi. Nilimletea chai, nusu kikombe, siku hizi simimini vingine. Alikunywa, akakishika kikombe kitupu akakielekeza upande wangu. Nilipoinama kukichukua, leso yangu ilimgusa mkono. Akaishika pindo, akaipapasa kwa vidole gumba.

"Ni ile ya kwa gari?" akauliza.

Nikasema ndiyo.

"Siku ile niliitoa kwa uso ikiwa moto. Ukungu haina jua, Mayi. Sasa ilikuwa inazuia nini?"

Nilipiga magoti pale kwenye nyasi nikamweleza yote, mahari na mahali, matanga, senge, Wafula, mwanamke niliyemtengeneza kichwani kwangu na kumweka kibandani. Nililia jinsi ambavyo sikulia kwenye mazishi ya mama. Papa alisikiliza. Nilipofika kwenye lile neno lenyewe alitikisa kichwa, karibu acheke, akasema mama yenu alimwambia siku moja hiyo r itamletea shida.

"Sitaki uniombe msamaha," akasema. "Nilijua ulikuwa na kitu kwa roho. Nilingoja utaniambia. Wewe uliona. Niambie basi."

Nikamwambia. Nilimweleza maji na weupe wake, ndege walivyotambaa, vilima, rangi ya nyasi. Aliniuliza maswali madogo madogo, nikayajibu yote. Alikuwa amefumba macho, ingawa hayana tena haja ya kufumbwa. Tukafika kwenye tangi. Nikasema bado lipo, lina kutu, limesimama.

"Na kivuli?" akauliza. "Asubuhi tulianza kukaa upande ya ziwa. Siku ile kilikuwa kimeangukia wapi?"

Hapo nilikwama. Nilijitahidi kukumbuka na bado najitahidi, hata sasa ninapoandika. Sikukiona kivuli, Papa. Wakati tunapita kwenye tangi nilikuwa nimegeukia kwako, nashikilia leso isianguke.